Barua kwa mwanangu: kabla hujaachia unahodha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama uachie unahodha, maana wenzako kadhaa wananung'unika kwamba kocha amekuteua bila wao kuulizwa. Kabla hujaamua, nikusimulie habari za Dave Gallaher.

Alizaliwa Ireland mwaka 1873, akakulia New Zealand. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalazimika kufanya kazi ili wadogo zake wapate chakula. Mwaka 1901 alikwenda Afrika Kusini kupigana Vita vya Makaburu. Aliporudi akaichezea nchi yake raga, na mwaka 1905 akateuliwa nahodha wa All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, katika ziara ya Uingereza.

Wakiwa melini kuelekea huko kukazuka manung'uniko, hasa kwa wachezaji wa kusini mwa New Zealand: nahodha kawekwa na wakubwa, tena ni mtu wa Auckland, mji wa kaskazini. Gallaher akasema yuko tayari kujiuzulu. Meneja akakataa, kura zikapigwa: 17 wakamuunga mkono, 12 wakampinga.

Wafikirie hao 12. Gallaher aliwafanyisha mazoezi humo humo melini pamoja na wengine, na uwanjani kila forwadi, yaani mchezaji wa mbele, alikuwa na nafasi yake maalumu kwenye skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanaposukumana kugombea mpira. Mechi ya kwanza waliichapa Devon, timu ya jimbo la Uingereza, 55–4. Katika mechi 35 za ziara nzima walipoteza moja tu, 3–0 mbele ya Wales mjini Cardiff. Siku hiyo mwamuzi alimwadhibu Gallaher mara kwa mara kwa jinsi alivyoingiza mpira kwenye skramu, na trai (bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ya mchezaji wake Bob Deans ikakataliwa. Hata hivyo, mechi ilipokwisha Gallaher alibadilishana jezi na nahodha wa Wales, Gwyn Nicholls. Hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mdogo wake Douglas aliuawa Ufaransa. Gallaher alikuwa na mke na binti mdogo, wala sheria haikumlazimisha, lakini akaenda tena vitani. Aliuawa Ubelgiji tarehe 4 Oktoba 1917, akiwa na miaka 43. Kila nikimfikiria yule binti yake roho inaniuma.

Basi usijiuzulu kwa ujumbe wa simu. Waite wote kabla ya mazoezi, wanaokupinga wakiwemo, waambie uko tayari kuachia, kisha wapige kura. Ukishinda, anzeni mazoezi papo hapo. Ukishindwa, mkabidhi mwenzako, nawe umchezee kwa nguvu zile zile.

Mama yako anakusalimu, anauliza bega linaendeleaje.

Baba yako