Jibu: Kumpiga picha usiyemjua na kumwandikia hadithi

Kaka, umeuliza kama kuna ubaya kumpiga picha yule mzee wa mkokoteni uliyemwona soko la Gikomba, Nairobi, kisha uiweke mtandaoni na maelezo ya majonzi uliyoyatunga mwenyewe. Ubaya upo, tena mkubwa.

Chukua ile picha ya mama mhamaji wa California, Machi 1936: mkono shavuni, watoto wawili wameipa kamera kisogo. Mpiga picha, Dorothea Lange, hakumuuliza hata jina. Aliandika kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ipate chakula. Baadaye mwana wa yule mama alikana: matairi yaliyokuwapo ni yale ya garini tu, na waliondoka nayo! Mama mwenyewe, Florence Owens Thompson, alijulikana mwaka 1978, akiwa na uchungu kwamba hakupata hata senti.

Kwa hiyo rudi Gikomba, lakini si asubuhi mizigo ikishushwa, utatukanwa bure. Msalimie mzee, mwombe ruhusa, muulize angependa watu wajue nini juu yake. Huenda akakusimulia habari za mpira tu. Basi andika hizo hizo. Na picha ukiisafisha, mpelekee nakala yake.