Maswali ya wasomaji: kamera za polisi, apu za afya na mishahara ya mainjinia

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za teknolojia na nyingi zina hasira, na mi naielewa hiyo hasira maana haya mambo yanamgusa mtu moja kwa moja, mwilini, mfukoni, hata uhuru wake. Nimechagua hizi, zile ndefu nimezipunguza kidogo. Tuanze.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi sielewi huu ubishi wa kamera za polisi. Askari avae kamera kifuani, kila kitu kirekodiwe, ukipigwa ushahidi upo, ukimsingizia askari ushahidi upo, kwisha habari. Sa hao wanaopinga wanaficha nini?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu yangu, mi niko upande wa kamera, nalisema mapema ili usidhani nakupinga. Ila hapo kwenye "kwisha habari" ndo tunaachana.

Hizi kamera zilipata jina kwa sababu ya jaribio la Rialto, mji wa California, lililoanza 2012. Askari wa doria 54 tu, zamu zikapangwa kwa bahati nasibu, hii ina kamera ile haina, na baada ya mwaka malalamiko dhidi ya askari yakawa yameshuka karibu asilimia 90 na matumizi ya nguvu yakapungua kama nusu. Watu wakasema dawa imepatikana, miji ikaanza kununua kamera kwa maelfu. Halafu Washington D.C. nao wakafanya jaribio lao, kubwa kweli, askari zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka 2017 na hawakuona tofauti ya maana kati ya wenye kamera na wasio nazo, si kwenye nguvu wala kwenye malalamiko. Kifaa ni kilekile lakini majibu yako mbalimbali kabisa. Na 2016 watafiti waliojumlisha majaribio ya sehemu kadhaa walikuta kwamba pale askari alipolazimika kurekodi kila anapokutana na raia nguvu ilipungua, ila pale alipoachiwa aamue mwenyewe lini awashe na lini asiwashe, nguvu iliongezeka. Iliongezeka! Yani kamera ipo kifuani na mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu kidole cha kuwasha ni chake.

Kuna kisa cha Baltimore cha 2017 ambacho mi huwa nakirudia kila nikiulizwa hili swali. Kamera zao zilikuwa zinahifadhi sekunde 30 za picha kabla hujabonyeza kitufe, picha tu bila sauti, na inaonekana huyu askari hilo hakulifikiria. Kwenye video anaonekana anaweka kimfuko chenye dawa za kulevya ndani ya kopo kwenye takataka, wenzake wawili wako palepale, anatoka mpaka barabarani, anabonyeza kitufe, sauti inaanza, anatangaza kwamba anaenda kukagua pale, anarudi, anafukua kidogo halafu "anakipata" kile kimfuko. Kuna mtu alikuwa ameshafunguliwa mashtaka kwa ushahidi huohuo. Askari alikuja kukutwa na hatia 2018. Sa jiulize ingekuwaje kama kile kifaa hakina zile sekunde 30, si ingekuwa ni video safi kabisa ya askari akifanya kazi yake vizuri? Na mahakama ingeiamini kuliko ambavyo ingeamini maneno matupu, ndo maana kamera isiyo na masharti inaweza kumuumiza mtu kuliko kutokuwa na kamera kabisa.

Halafu kuna suala la nani anakaa na video. Chicago, Oktoba 2014, kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na askari. Maelezo ya polisi yalisema aliwajia na kisu. Kamera ya gari la polisi ilionyesha kijana anatembea akiwaepuka. Hiyo video ilikaa kabatini miezi 13 mpaka hakimu akaamuru itolewe, na askari akashtakiwa kwa mauaji siku hiyohiyo ilipotolewa. Ushahidi ulikuwepo tangu usiku wa kwanza, rafiki yangu, sema wenye kabati walikuwa ni walewale wanaotuhumiwa.

Kwaiyo mtu akikuletea mpango wa kamera usimuulize ni kamera ngapi, muulize nani anaamua iwashwe saa ngapi, askari aliyezima anachukuliwa hatua gani, je anaruhusiwa kuitazama kabla hajaandika maelezo yake (mi nasema hapana, aandike kwanza ndo aangalie), na familia ya aliyeumia inaipata ndani ya siku ngapi. Wakikosa majibu hapo, hela hiyo wafanyie kitu kingine.

SWALI: Na zile kamera zinazotambua sura? Naona hizo ndo kiboko, mhalifu hana pa kujificha.
Kijana wa IT

JIBU: Hizo mdogo wangu naziogopa, tena sana. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za namna hii na kukuta kwamba nyingi zinafananisha watu vibaya zaidi wakiwa na asili ya Afrika au Asia kuliko Wazungu, na baadhi makosa yalikuwa mara 10 mpaka 100 zaidi. Januari 2020 huko Detroit baba mmoja mweusi alifungwa pingu mbele ya nyumba yake, mke na watoto wanaangalia, kwa wizi wa saa ambao hakuufanya, kisa kompyuta ilifananisha picha ya mwizi na picha ya leseni yake ya udereva. Ilichukua mpaka 2024 ndo polisi wa huko wakakubali, kwenye makubaliano ya kesi yake, kwamba hawatamkamata mtu kwa sababu ya majibu ya hiyo programu peke yake. We uko IT unajua kabisa kwamba programu ya kufananisha inatoa makisio, ina asilimia zake za kukosea, sasa yule askari anayepelekewa hayo makisio hajui, anaona picha na jina anajua ni huyo. Nyie mnaojua ndo mnatakiwa muwe wa kwanza kupiga kelele.

SWALI: Samahani nitaongea kwa ukali. Nyie waandishi na faragha yenu mnachosha. Ugonjwa ukiingia watu wanakufa, serikali ikitaka data ya simu yangu ichukue, nina nini cha kuficha? Afya ya umma kwanza, haki za data baadaye.
Mama anayejali

JIBU: Mama, ukali wako nimeupokea na sijakasirika, maana umeanzia kwenye watu kutokufa na hapo tuko pamoja. Mi ni mtu wa sheria kali za afya. Sheria ya kufunga mkanda kwenye gari, jimbo la Victoria kule Australia ndo lilianza 1970, kuna watu waliipigia kelele wanasema wanaingiliwa uhuru wao, leo hii watu wangapi wako hai kwa ajili ya huo mkanda. Petroli yenye madini ya risasi ilianza kuuzwa miaka ya 1920, ikaharibu akili za watoto dunia nzima, na ilichukua mpaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, ndo ikaacha kuuzwa kwa magari ya kawaida. Kuiondoa hiyo petroli ni sera ya afya iliyomfikia kila mtoto bila kuhitaji kujua jina lake wala alilala wapi jana.

Apu za kufuatilia maambukizi ni kitu kingine, na mfano ninaokupa ni Singapore. Machi 2020 walitoa apu inaitwa TraceTogether, simu yako inakumbuka simu zilizokuwa karibu nayo ili mwenye korona akipatikana waliokaa naye waambiwe. Wananchi wakaahidiwa data ni ya kufuatilia ugonjwa tu, si kitu kingine. Watu wakaamini, wakajiunga. Januari 2021 serikali ikasema bungeni kwamba polisi wana uwezo kisheria wa kuichukua data hiyo kwa upelelezi, na ikajulikana ilishatumika kwenye kesi ya mauaji. Kelele zikawa kubwa, na mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kuibana itumike kwa aina saba tu za makosa makubwa. Sawa, mauaji ni jambo zito, simtetei muuaji, lakini ile ahadi ya mwanzo ilishavunjika na huwezi kuirudisha kwa sheria ya baadaye.

Unauliza una nini cha kuficha, labda wewe huna. Ila yuko dada asiye na vibali vya kuishi, yuko mtu anayedaiwa, yuko kijana aliyewahi kusumbuliwa na polisi, hao wakishasikia apu ya afya inafika polisi wanazima simu, wanaacha kupima, hawataji walikuwa na nani, na ugonjwa unapita palepale walipojificha unakuja mpaka kwa wewe usiye na cha kuficha. Kwaiyo mi sisemi haki za data badala ya afya, nasema usipozilinda hizo haki hiyo afya yenyewe huipati.

Na kumbe njia ilikuwepo. Apple na Google mwaka huohuo wa 2020 walitengeneza mfumo ambao simu zinabadilishana namba za kubahatisha zinazobadilika kila baada ya dakika chache, orodha inabaki kwenye simu yako mwenyewe, haikusanywi sehemu moja, kwaiyo hata polisi wakija na barua ya mahakama kwa wizara hakuna daftari la kuwapa. Hiyo ndo namna ninayoitaka mimi, ahadi iwe ndani ya mashine, isiwe mdomoni kwa waziri.

SWALI: Mimi ni nesi. Mdogo wangu anaandika programu za kompyuta, anakaa nyumbani na laptop, anapata mshahara mara tatu ya wangu. Hii ni haki?
Nesi wa zamu ya usiku

JIBU: Hapana dada, si haki, na pole kwa hizo zamu. Sababu ninayoijua mimi ni kwamba programu akishaiandika mara moja inauzwa kwa mamilioni ya watu bila yeye kuongeza kazi, na wewe huwezi kumgeuza mgonjwa mmoja kitandani halafu wakageuka milioni. Soko linalipa kinachozidishika. Halijakaa chini likapima kazi yako likaona ndogo, halijapima kabisa.

Ila usimkasirikie mdogo wako, maana serikali zikikosa watu wa aina yake wanaoumia ni wagonjwa wako. Uingereza, kuanzia Septemba 25 mpaka Oktoba 2, 2020, watu 15,841 waliokutwa na korona hawakuingia kwenye hesabu, kwa sababu majibu yalikuwa yanahamishwa kwa faili la Excel la muundo wa zamani, lile linaloishia mistari 65,536, na mistari ikijaa yanayozidi yanakatwa kimyakimya. Wagonjwa wenyewe waliambiwa majibu yao, lakini waliokaa nao hawakutafutwa kwa wakati. Injinia yeyote wa kawaida wa data angeliona hilo asubuhi moja, na injinia huyo hakai sehemu inayomlipa nusu ya anachopewa benki. Kwaiyo idai nyongeza yako kwa sauti, na mdogo wako akiitwa kwenye wizara ya afya mwombee alipwe vizuri huko.

SWALI: Mi ni injinia, nimegundua tuliyeajiriwa naye siku moja, kazi moja, ananizidi mshahara mbali sana. Bosi anasema mambo ya mishahara ni siri, ni utovu wa nidhamu kuyaongea. Nifanyeje?
Injinia mwenye uchungu

JIBU: Uchungu wako una msingi. Siri ya mshahara inamsaidia mmoja tu mezani, yule anayeijua mishahara yote. Na usidhani ni kampuni ndogo ndogo tu. Apple, Google, Intel na Adobe waliwahi kupatana chini kwa chini wasichukuliane wafanyakazi, maana injinia akiitwa kwingine mshahara unapanda, na walipopelekwa mahakamani na wafanyakazi zaidi ya 60,000 wakaishia kulipa dola milioni 415 mwaka 2015. Hao ndo walikuwa wanatuambia mshahara unapangwa na soko.

Sehemu nyingine zimeshaamka. Marekani sheria ya tangu 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapoongea mishahara yao wao kwa wao, na Umoja wa Ulaya 2023 ulipitisha agizo kwamba anayeomba kazi aambiwe kiwango cha mshahara kabla, na asiulizwe alikuwa analipwa ngapi alikotoka. Kwaiyo kwanza kaangalie sheria ya kazi ya nchi yako na mkataba wako unasemaje, unaweza kukuta hiyo "siri" ya bosi haipo kwenye karatasi yoyote.

Halafu usiende kwa bosi na jina la mwenzako, utamchoma bure na yeye hana kosa. Nenda na kazi zako, mfumo uliouzuia usianguke, usiku ulioamshwa, vijana uliowafundisha, na umuulize kwa maandishi ngazi yako ni ipi, kima cha chini na cha juu cha ngazi hiyo ni ngapi, na kinachokuzuia kufika juu ni nini. Akijibu kwa mdomo, mwandikie barua pepe jioni hiyohiyo, "kama tulivyoongea leo ulisema hivi na hivi", mwache asahihishe kama umekosea. Huku unafanya hivyo, kaombe kazi sehemu mbili tatu hata kama huna mpango wa kuhama, ujue wengine wanakupa ngapi. Ukipata jibu niandikie tena, na kama bosi amekataa kuandika hata hilo niambie.