Baba Watoto Anataka Shule ya Kifaransa, Mimi Sikijui

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, mume wangu ni Mkongomani wa Bukavu, na tuna mwaka wa sita hapa Dubai. Binti yetu ana miaka 9, anasoma shule ya mtaala wa Kiingereza na anafanya vizuri. Mdogo wake anatimiza miaka 5 Novemba hii. Sasa baba yao anataka wote wawili wahamie shule ya Kifaransa inayojitangaza kuwa ya lugha mbili. Anasema watoto wa Kongo wasiojua Kifaransa ni aibu mbele ya ukoo, na kwamba kazi yake ikituhamisha, shule hizo zipo kila mahali. Mimi Kifaransa sikijui kabisa. Naona nitakuwa mgeni kwa wanangu mwenyewe. Tumegombana mpaka tunakula bila kusemezana. Nifanyeje? – Mama wa Wawili, Dubai*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama penye neno hilo, "mgeni". Nitalirudia. Kwanza nikupe jibu langu bila kukuzungusha: mdogo aende, dada yake abaki alipo. Na huyo mdogo asiende mpaka shule ijibu maswali mawili.

Swali la kwanza ni la idhini. Shule kujiita ya Kifaransa hakutoshi. Wizara ya Elimu ya Ufaransa huzipa idhini shule zilizo nje ya nchi, wenyewe huiita *homologation*, na idhini hiyo hutolewa kwa ngazi. Shule inaweza kuwa nayo kwa chekechea na msingi, ikawa haina kwa sekondari. Kwa hiyo usiulize "mna idhini?" Uliza "idhini yenu inaishia darasa gani?" Mtoto aliyetoka darasa lenye idhini huweza kuendelea kwenye shule nyingine ya aina hiyo, au shule ya serikali kule Ufaransa, bila kufanya mtihani wa kuingilia.

Hapo baba watoto ana hoja ya kweli, usimnyime haki yake. Shirika la serikali ya Ufaransa linaloshughulikia shule hizi, AEFE, lilianzishwa mwaka 1990, na mtandao wake una shule kama 600 duniani. Nairobi kuna Denis Diderot, Dar es Salaam kuna Arthur Rimbaud, Kinshasa kuna René Descartes. Kazi ikimpeleka miji kama hiyo, mtoto ataendelea alipoishia, ilimradi nafasi ipo na ada inalipika. Lakini mkirudi kuishi Tanga, hoja hiyo inapungua nguvu sana. Kaeni chini mwambizane ukweli: miaka mitano ijayo mnajiona wapi? Na kama kuna aliyewaambia serikali ya Ufaransa itawasaidia ada, msipange bajeti kwa hilo. Msaada wa AEFE ni kwa watoto wenye uraia wa Ufaransa.

Swali la pili ni hayo maneno "lugha mbili". Mwanangu, maneno haya yaliwahi kuniponza. Tulipokuwa tunaishi ughaibuni, binti yangu wa kwanza nilimpeleka shule iliyoyaandika kwa herufi kubwa getini. Sikuomba ratiba. Mwaka wa pili ndipo nilipohesabu vipindi, nikakuta Kiingereza ni saa tatu kwa wiki, nyimbo na majina ya rangi. Wewe omba ratiba ya wiki ya darasa atakaloingia mwanao, uihesabu kwa kalamu. Hisabati inafundishwa kwa lugha gani? Sayansi je? Zipo shule zinazogawa wiki nusu kwa nusu, na zipo ambazo Kifaransa ndicho wali, Kiingereza ni kachumbari. Zote zinaweza kuwa shule nzuri, ila ujue unalipia ipi. Tena hapo Dubai Kiarabu ni somo la lazima hata shule za binafsi, na watoto wa Kiislamu wana somo la dini. Hesabu mzigo wote kabla hujambebesha mtoto.

Mdogo ataweza. Wafaransa hupanga madarasa kwa mwaka wa kuzaliwa, Januari hadi Desemba, kwa hiyo mtoto wa Novemba atakuwa miongoni mwa wadogo kabisa darasani. Mwambie mwalimu mapema asije akamwona mzito. Septemba hii ataingia *grande section*, mwaka wa mwisho wa chekechea. Huo ndio wakati wake. Mwaka unaofuata ni CP, yaani darasa la kwanza la msingi, ambako kusoma na kuandika kunaanza kwa dhati, na asiyewahi kukisikia Kifaransa atajikuta anasoma maneno ambayo hayana maana yoyote kichwani mwake.

Dada yake ni habari nyingine. Kwa umri wake angeingia CM1, darasa la nne la msingi, na baada ya CM2, darasa la tano na la mwisho, ni *collège*, sekondari yao ya chini. Yaani miaka miwili tu ya kujifunza lugha kutoka sifuri, huku akitakiwa kuelewa historia na kuandika imla kwa lugha hiyohiyo. Atakuta wenzake wanaandika herufi za kuunganisha tangu CP, kwenye daftari lenye mistari iliyobanana. Hata 3.5 aliyoizoea, kwa Kifaransa huandikwa 3,5. Mtoto anayefanya vizuri leo anaweza kuamka siku moja hawezi kusoma ubao. Ningebadili mawazo kama shule ingenionyesha mwalimu maalumu wa Kifaransa kwa wageni, mwenye vipindi kila siku, na mtoto mwenyewe akawa anataka. La sivyo, Kifaransa ataanza kufundishwa na baba yake nyumbani.

Sasa huo ugeni. Jioni moja daftari la binti yangu lilirudi na maneno ya mwalimu kwa wino mwekundu, mwandiko wa kuunganisha. Sikuambulia hata neno. Nikamwomba anisomee, alikuwa na miaka 7. Akasoma kimya, akaniangalia, akasema, "Mwalimu anasema nimejitahidi." Baba yake alipokuja kulisoma usiku, kumbe mwalimu alikuwa anaomba tuonane, mtoto alikuwa akilia darasani. Sikumlaumu mtoto. Tatizo lilikuwa mpango wetu, hatukuwa na mtu wa kulisoma daftari jioni.

Kwa hiyo woga wako si wivu wala ushamba. Mwambie mumeo waziwazi: anayetaka Kifaransa ndiye atakayekaa na daftari kila jioni, ndiye atakayekwenda vikao vya wazazi. Kama kazi yake inamrudisha nyumbani saa tatu usiku, hilo lisemwe kabla ya kulipa ada. Na wewe anza kujifunza Kifaransa siku ileile atakayoanza mwanao. Dubai kuna Alliance Française, kituo cha kufundisha lugha hiyo. Huhitaji kufika mbali. Ukiweza kusoma ujumbe wa mwalimu na kumsikiliza mtoto akisoma kurasa mbili, inatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu ukoo, muulize mumeo swali moja kwa upole. Mama yake akipiga simu kutoka Bukavu, anaongea na wajukuu kwa lugha gani? Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo, lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na ndicho kinachozungumzwa sokoni na majumbani Bukavu. Bibi wa Bukavu na bibi wa Tanga watakutana kwa Kiswahili tu. Shule haitawafundisha watoto lugha hiyo, iwe ya Kifaransa au ya Kiingereza. Hiyo ni kazi yenu, mezani hapo ambapo sasa mnakula kimya. Watoto wanasikia huo ukimya pia.

Barua yako ina maneno ya baba na ina maneno yako. Ya binti sijayaona. Ana miaka 9, ana marafiki, ana mwalimu anayempenda, na nina hakika amewasikia mkigombana. Mtoe mtembee wawili tu, umuulize anaonaje, usimpe jibu kinywani. Siku nyingine baba yake naye amuulize, wewe usiwepo. Kisha niandikie alichosema.