Re: Zawadi kwa binti wa Kiapache anayechezwa

Dada, nimekuelewa: jirani zenu Waapache, wenyeji asilia wa Marekani huko Arizona, wamewaalika kwenye sherehe ya binti yao aliyevunja ungo, nawe umeona mtandaoni fimbo yenye kengele na unyoya wa tai, ukataka kumpelekea.

Tafadhali usiinunue. Sheria ya Marekani ya kulinda tai, ya tangu 1940, inakataza kuuza na kununua manyoya yake, na hata kukaa nayo bila kibali ni kosa. Kama umeshalipa, muone mwanasheria kabla hujaisafirisha popote.

Halafu fimbo ile si pambo. Hutengenezwa kwa ajili ya binti huyo mmoja na kuombewa. Anaicheza saa nyingi akiigonga chini, kengele zinalia kwa mdundo wa ngoma, na ndiyo itakayomwegemeza uzeeni. Hata kile kipande cha kombe kinachong'aa kwenye paji la uso kina maana yake: ni alama ya Mwanamke Abadilikaye, mama wa kwanza katika simulizi zao.

Mimi nilipoalikwa nilimuuliza mama mtu nilete nini. Akasema chakula, maana wageni hulishwa siku kadhaa. Nikapeleka unga na nyama, wakapokea kwa furaha.

Mkiitwa kwenye foleni ya kumnyunyizia binti chavua ya manjano, mfuateni aliye mbele yenu. Simu iache mfukoni mpaka wenyewe wakuruhusu kupiga picha. Na vifaa vyake usivishike, hata vikiwa vimelazwa tu juu ya ngozi ya kulungu.