Sikio limeziba, na pamba inatoka safi

SWALI: Dokta shikamoo. Mi fundi cherehani niko Tanga. Wiki ya pili hii sikio la kulia limeziba, lilianza siku nimetoka kuosha nywele, ghafla tu, nikiongea sauti yangu naisikia kama nimeingiza kichwa mtungini. Nimechokonoa na pamba za vijiti zinatoka safi, nikajaribu unyoya wa kuku kama bibi alivyokuwa anatufanyia, ndo kwanza limezidi. Haliumi wala halitoi usaha. Sasa jirani anasema ipo mishumaa ya kuweka sikioni, inavuta uchafu wote. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mishumaa achana nayo. Haivuti kitu, ule unga wa njano wanaokuonyesha wakiupasua ni masalia ya mshumaa wenyewe, uuwashe mbali na sikio utaukuta vilevile, na wapo walioungua kwa nta ya moto.

Pamba kutoka safi ndo imenipa picha. Nta ya sikio inatengenezwa theluthi ya nje ya tundu, kule ndani karibu na ngoma haitengenezwi, ukiikuta huko ujue imesukumwa. Tundu lote ni kama sentimita 2.5, na ngozi yake inasogea polepole kuja nje, ukila ukiongea taya linasaidia, nta inatoka yenyewe na vumbi lake. We ukiingiza kijiti unaishindilia kama mtu anajaza gunia la mkaa. Halafu maji ya kuoga yakaingia, ikavimba, tundu likafunga, ndo maana ukaona ghafla. Na nta sio uchafu jamani, ina asidi kidogo inayowazuia bakteria na fangasi, tena inanasa vumbi, nyie mnaoshinda na nyuzi zinazoruka mnaihitaji kuliko mimi.

Sasa kabla ya kuweka chochote, pita kituo cha afya wakumulike kwa kile kitochi cha sikio, dakika moja tu. Unyoya huo sijui umegusa nini, na ngoma ikiwa imetoboka mafuta hayaruhusiwi wala maji. Pia wakikuta hamna nta na bado husikii, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo, maana hapo inaweza kuwa mshipa wa fahamu na dawa yake inataka mapema.

Wakiiona nta na ngoma ni nzima, basi mafuta ya zeituni yanatosha. Shika kichupa mkononi mpaka kipate joto la mwili, yakiwa ya baridi yatakupa kizunguzungu mpaka ushike ukuta. Lala ubavu wa kushoto, mtu akudondoshee matone 2 au 3, tulia dakika 5. Asubuhi na jioni, siku 3 mpaka 5. Mwanzoni linaweza kuziba zaidi, usishtuke, nta inalainika, baadae utaiona kwenye foronya imekuja rangi ya tende. Futa ya nje kwa kitambaa, ya ndani iache. Ikigoma rudi kituoni wapige maji ya uvuguvugu kwa bomba au wainyonye kwa mashine. Likianza kuuma au kutoa usaha, acha matone uende.

Na hilo la kushoto ambalo halijaziba, nakuomba usiliguse.