Kisu hakipati? Litazameni jiwe kwanza

Swali lenu la wiki lilikuwa hivi: kisu cha jikoni kikiwa butu, unakinoa mwenyewe au unampa mnoaji wa baiskeli? Naandika kutoka Tanga, mji wa baiskeli, ambako hata gurudumu la kunolea linazungushwa kwa pedeli. Jibu lilinitoka kabla sijamaliza kusoma: noa mwenyewe, hilo gurudumu linaua visu. Lakini swali limeruka jambo. Awaye yote atakayeshika mpini, kinachokula chuma ni jiwe, na nyumba nyingi za hapa hazina jiwe. Zina kizingiti cha saruji.

Kizingiti kinanoa, sibishi. Mchanga uliomo ndani ya saruji ndio unaokata. Tatizo lake chembe hazilingani, moja kubwa inachimba mfereji pale ambapo nyingine kumi zimeshalainisha. Wengine huokota tumbawe ufukweni, au kipande cha jiwe la chokaa la upande wa Amboni. Msijisumbue. Chokaa ni laini kuliko chuma cha kisu, na ule unga mweupe unaotoka ni wa jiwe lenyewe. Utasugua hadi Magharibi.

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kuna lile jiwe la kijivu la pande mbili, urefu inchi 8, upana 2, unene 1. Mara nyingi upande mmoja ni namba 120 hivi na wa pili 240. Namba zisomeni kama za msasa, ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Kwa panga la madafu na jembe jiwe hilo linatosha kabisa. Kwa kisu cha nyanya na vitunguu hata upande wake laini bado unaparuza. Kama pesa ni ya jiwe moja tu, tafuteni namba 1000. Likipatikana la pande mbili, 400 na 1000, hapo hamtahitaji lingine miaka mingi. Namba 6000 ni ya kung'arisha, mchicha haujui tofauti.

Jiwe la kunolea kwa maji liloweke hadi viputo viishe, dakika 10 au 15. Lile la kijivu linakubali maji au mafuta, ila likishanywa mafuta ni shida kulirudisha kwenye maji. Na yawe mafuta mepesi ya cherehani. Ya alizeti yanaganda kama utomvu, yanaziba matundu ya jiwe, kisu kinabaki kuteleza tu juu yake.

Sasa niwaambie kwa nini swali hili limenigusa. Pale soko la samaki la Deep Sea palikuwa na kisu kimoja cha kupasulia, cha springi ya gari, mpini umefungwa waya. Alfajiri kinapita kwenye ngozi ya nguru bila kusukumwa. Saa nne hakipati tena, kinapelekwa kwenye gurudumu, saa nane kinapelekwa tena. Kila mtu alisema chuma kibovu. Fundi seremala mmoja aliyekuja kununua samaki changu akakigeuzageuza juani, akamwambia mwenye kisu:

"Mwanangu, kisu hiki si kibovu. Kimeungua."

"Kimeungua wapi, mzee wangu? Hakijaingia motoni hata siku moja."

Akamwonyesha. Sentimita 4 za mwisho kuelekea nchani, kando kabisa ya makali, palikuwa na utepe wa buluu unaong'aa kama mafuta juu ya maji ya dimbwi. Chuma cha springi kikipashwa joto na msuguano wa gurudumu kinaanza rangi ya majani makavu kwenye nyuzi joto 220 hivi, kinaingia hudhurungi, kisha zambarau, na karibu na 300 kinakuwa buluu. Kikifika hapo ugumu wa makali umeshashuka, na kukichovya majini baada ya kuiona rangi ni kuchelewa. Ncha ndiyo huungua kwanza kwa kuwa ni nyembamba, joto halina pa kukimbilia. Na kila safari ya gurudumu ilikuwa inaongeza buluu nyingine mahali pa ile iliyoliwa.

Tiba ilikuwa kulila lile eneo lote kwa mkono, upande wa namba 120, maji tele. Milimita moja na nusu hivi ya chuma, saa nzima ya kusugua. Kisha fundi akapaka makali wino mweusi wa kalamu ya maka na kupitisha kisu mara mbili. Wino ulitoka juu, ukabaki kwenye makali yenyewe. Maana yake kisu kililazwa mno, jiwe lilikuwa linang'arisha bega, pale juu ya makali, bila kuyagusa makali yenyewe. Akainua mgongo wa kisu kidogo, wino ukaondoka wote, isipokuwa nchani. Pale makali yanapopinda ni lazima mpini uinuliwe taratibu kadiri unavyosogea, hapo ndipo wengi hukosea.

Likaja tatizo la tatu. Jiwe la soko lilikuwa limeliwa katikati kama kinu. Ukilaza rula juu yake mwanga unapita chini. Jiwe la namna hiyo linabadilisha mlalo wa kisu kila unapovuta, hata mkono uwe umetulia vipi. Likachorwa mistari ya penseli, likasuguliwa kwenye sakafu ya saruji iliyomwagiwa mchanga na maji hadi mistari yote ikafutika. Ndipo kunoa kukaanza hasa: upande mmoja hadi kidole kikivuka makali kutokea upande wa pili kinakwaruzwa na ukingo mwembamba, kama ukingo wa gamba la samaki, kuanzia mpinini hadi nchani bila kuruka. Kisha upande wa pili vivyo hivyo. Kisha mara moja huku, mara moja kule, kwa uzito wa mkono tu. Mwisho mkanda wa ngozi, kisu kikivutwa kinyumenyume ili ule ukingo ung'oke. Ukibaki, kisu kinakata vizuri nusu saa, halafu unajikunja na wewe unalaumu chuma.

Alasiri kile kisu kilikuwa bado kinapasua changu.

Kwa mlalo, kunjeni kona ya karatasi mara mbili, ya nyuzi 90 inakuwa 45, kisha 22 na nusu. Kilazeni kisu chini ya hapo kidogo. Kisu chenye upana wa sentimita 4 mgongo wake uinuke sentimita 1.4 hivi, hizo ni nyuzi 20. Cha minofu kinaweza kushuka hadi 15. Panga libaki 25 hadi 30, la sivyo dafu la tatu tu linalimega.

Nikiyasoma haya naona jibu langu la mwanzo lilikuwa kali mno. Kisu kilichomegeka kwenye kichwa cha samaki chewa, pengo la milimita 2, kwa namba 1000 ni kazi ya siku. Gurudumu linalimaliza kwa dakika chache. Na wako wanoaji wenye kopo la maji pembeni, wanagusa kidogo na kuchovya, wanagusa na kuchovya. Kwa hiyo kwa nyumba isiyo na jiwe nasema mpe wa baiskeli, mara moja au mbili kwa mwaka, mradi usimame hapo hapo. Kisu kikitoka kwenye gurudumu kiwe cha kushikika. Kama hakishikiki, mwambie achovye, na asitulie nchani. Katikati ya mwaka geuza kikombe cha udongo, kwenye ule ukingo wa chini usio na rangi vuta kisu mara tano kila upande. Mama lishe anayekata vitunguu kilo kwa kilo, huyo anunue namba 1000 na ajifunze, hakuna njia ya mkato.

Na kisu cha springi kikishanolewa, kioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kifutwe, kipakwe mafuta ya nazi kabla ya kutundikwa. Kwa hewa yetu ya pwani kutu inaingia usiku mmoja, na inaanzia kwenye makali.