Mbona ECG ya baba inabadilika kila akitoka dayalisisi?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, sa hivi ni mwaka wa pili. Juzi walimpima ECG (ule mchoro wa umeme wa moyo) asubuhi kabla hajaunganishwa na mashine wakasema moyo hauko sawa, sijui mawimbi yamechongoka, tukapata presha nyumba nzima, halafu alipomaliza wakarudia wakasema afadhali. Ila akifika nyumbani ndo analalamika moyo unadunda hovyo, mara unaruka. Sasa hiyo mashine inamtibu au inamuumiza moyo? Na kuna jirani anamletea madafu kila wikendi anasema yanasafisha figo, nimzuie? (Binti wa Tanga)

JIBU: Marahaba binti, pole na kuuguza. Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa sahihi kabisa. Moyo unadunda kwa umeme, na huo umeme unatokana na madini yanayoingia na kutoka kwenye seli zake, potasiamu, kalsiamu, sodiamu na wenzao. Figo nzima inayarekebisha usiku na mchana, kidogo kidogo, ila kwa baba hiyo kazi imesimama, kwa hiyo potasiamu inapanda tu toka Alhamisi akitoka mpaka Jumatatu, siku nne hizo. Kawaida inatakiwa iwe kama 3.5 mpaka 5 (milimoli kwa lita ya damu), ikipita 6 mawimbi ya T, yaani vile vilima vya mwisho wa kila pigo kwenye mchoro, yanaweza kuanza kuchongoka, ikizidi sana mchoro wote unatanuka na moyo unaweza kusimama. Tena wapo wenye potasiamu ya juu na ECG yao safi, kwa hiyo msiache kupima damu eti kwa sababu mchoro ni mzuri.

Sasa anaunganishwa, na ule mzigo wa siku nne unashushwa ndani ya masaa manne! Potasiamu inaporomoka haraka zaidi mwanzoni, kalsiamu nayo inabadilika kufuatana na maji waliyoweka kwenye mashine, na huku maji ya mwili yanavutwa. Moyo unachelewa kujichaji baada ya kila pigo, kwenye ECG wanaita QT ndefu, na hapo ndo mapigo yanaweza kuruka, wakati wa kusafishwa au masaa kadhaa baadaye.

Bila mashine baba hana pa kwenda, hilo lisiwachanganye. Binafsi naogopa zaidi yale mapumziko marefu ya kukaa bila mashine. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 32,000 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki, wakakuta vifo viko juu zaidi siku inayofuata mapumziko ya siku mbili, na hao ni wa mara tatu, baba ni mara mbili. Najua hela ndo inaamua, lakini muulizeni daktari wake kama ya tatu inawezekana hata kwa muda.

Muulizeni pia maji ya mashine yana potasiamu kiasi gani, kwa sababu yakiwa chini ya 2 kwa kipimo hicho hicho, potasiamu ya damu inashuka kwa kasi sana na hatari ya moyo inaongezeka. Na kila saa wanavuta maji kiasi gani? Ikizidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili moyo unaelemewa, yaani mtu wa kilo 60 ni kama lita 3 tu kwa masaa manne, kwa hiyo akija ameongezeka kilo 5 wauguzi wana kazi. Aombewe na ECG ya kuvaa masaa 24, inaanza kabla ya mashine mpaka kesho yake. Dawa zote anazomeza zitajwe, hata za duka la mtaani, maana azithromycin, ciprofloxacin na ondansetron nazo zinarefusha hiyo QT. Akizimia, akiumwa kifua, miguu ikilegea ghafla au pumzi ikikata, msisubiri Alhamisi, mkimbizeni hospitali yenye mashine.

Madafu mzuie, tena leo. Jirani ana nia njema ila glasi moja ina potasiamu kama miligramu 500 au 600, na wagonjwa wengi wa dayalisisi wanaambiwa wasizidi kama 2,000 kwa siku, hapo bado hajala ndizi wala parachichi, na wikendi ndo katikati ya zile siku nne. Akitamani viazi, vikateni vipande vidogo, vichemsheni kwa maji mengi, maji myamwage, mvichemshe tena ili potasiamu ipungue, na hayo maji yasirudi kwenye mchuzi.